Programu Nyingi za Simu kutoka Msimbo Mmoja

Msimbo wa pamoja ni mbinu ya kutunza chanzo kimoja cha programu na kuzalisha humo programu kadhaa za simu, kila moja ikibeba jina, nembo na rangi za mteja wake. Hufaa pale wateja, mathalani vyama vya akiba na mikopo, wanapohitaji huduma zilezile lakini kila mmoja anataka chapa yake.

Muundo. Msimbo hugawanywa kuwa kiini na ganda. Kiini hushughulikia kuingia, malipo na mawasiliano na seva. Ganda hubeba picha, maneno, rangi na anwani ya seva. Katika Android, kazi hii hufanywa na kipengele cha Gradle, zana ya kujenga programu, kiitwacho productFlavors. Picha iliyo katika folda ya mteja huchukua nafasi ya ile yenye jina hilohilo katika folda kuu. Kwa iPhone, Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu, hutumia mafaili ya mipangilio ya aina ya xcconfig.

Utambulisho. Kila programu huwa na kitambulisho chake cha pekee, ambacho hakibadiliki ikishachapishwa kwenye Google Play. Ufunguo wa kutia saini na mipangilio ya arifa navyo hutengwa kwa kila mteja.

Kanuni za maduka ya programu. Kifungu cha 4.2.6 cha miongozo ya Apple hukataa programu zilizotokana na kiolezo, isipokuwa ziwasilishwe na mwenye maudhui mwenyewe. Kwa hiyo kwa kawaida mteja hufungua akaunti yake: dola 99 kwa mwaka kwa Apple, dola 25 mara moja kwa Google.

Matunzo. Kumpa kila mteja tawi lake la msimbo huonekana rahisi mwanzoni, lakini matawi huachana, na hitilafu moja hulazimika kurekebishwa mara nyingi. Afadhali tofauti ziwekwe kwenye swichi zinazotajwa kwa kazi, kama vile “mkopo wa dharura”, si kwa jina la mteja. Mteja mwingine akiutaka, huwashiwa tu. Kila badiliko la kiini hujaribiwa kwa programu zote.

Hata hivyo, kinachookolewa ni uandishi, si uchapishaji. Google inapopandisha kiwango cha Android kinachotakiwa, kiini hurekebishwa mara moja, ila kila programu huwasilishwa na kukaguliwa peke yake. Ndiyo maana wateja wakiongezeka, uwasilishaji huachiwa zana kama fastlane.