Maongezi ya Hewani Yaliyovuka Ruzizi

Kazi yangu hapa Lubarika, katika bonde la mto Ruzizi upande wa Kongo, ni kuchaji simu za watu na kuwajazia kadi za memori. Zamani nilitengeneza redio, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa pamba kilichoachwa na Wabelgiji, kile cha INEAC ambacho baadaye kikawa INERA. Studio sijaingia. Historia ninayoiandika, ya watu wanaoketi mbele ya kipaza sauti wakaulizana na kuchekeshana, naiandika kutoka upande wa wasikilizaji.

Wateja wangu huomba vitu viwili, nyimbo na watu wanaoongea. Nyimbo ni za vijana. Wanaoongea huombwa na kila rika. Mama mmoja wa mpunga aliniambia, "Papa, unitilie wale wa kucheka, ndege wamenichosha." Anawafukuza mashambani tangu alfajiri, na sauti za watu wawili wanaotaniana humshindisha. Vijana wa pikipiki wao wanataka mahojiano ya wanamuziki wa Dar es Salaam, wayasikilize wakingoja abiria njia ya Luvungi au Sange. Mjini rekodi hizi za maongezi wanaziita podikasti. Ukiniuliza mimi, bonde hili lilizianza zamani, kwa vyombo vingine, na limewahi kuonja uchungu wake kuliko miji mingi.

Nilipokuwa mdogo tatizo lilikuwa majiwe ya redio, yaani betri. Yalikuwa ghali, na yakichoka yalianikwa juani juu ya bati, yakarudi nguvu kidogo, yakaanikwa tena mpaka yakavuja. Kwa hiyo redio haikufunguliwa ovyo. Mwenye redio alikuwa mheshimiwa: ndiye aliyeamua ifunguliwe lini, nani akae karibu, na nani anyamaze. Habari zilikuwa za lazima, za BBC iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu tarehe 27 Juni 1957, au za Wajerumani walioanza mwaka 1963. Sauti ya Zaire tuliisikia pia, lakini ilijaa nyimbo za kumsifu Mobutu, na kwa jiwe moja lililobaki hakuna aliyekubali kulipoteza kwa sifa.

Kwa kicheko tulikwenda Dar es Salaam. Usiku, mawimbi mafupi yakitulia, Radio Tanzania iliingia, na ndani yake Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao kila mmoja alidhani amempata mwenzake. Baba alicheka kabla hawajamaliza sentensi. Sehemu nyingine Kiswahili chao kilimpita, kwa maana chetu cha bondeni kina njia zake, lakini utapeli hauhitaji mkalimani. Nairobi nayo ilikuwa na Leonard Mambo Mbotela, ambaye tangu mwaka 1966 aliwauliza wasikilizaji kama jambo fulani ni la kiungwana au siyo. Aliendelea na swali hilo hilo kwa miongo, akafariki Februari 2025. Ukitaka kujua kwa nini watangazaji wa Kiswahili wa leo huanza kwa kumsemesha msikilizaji kana kwamba amekaa naye kibarazani, anza na Mbotela.

Angalia nani alichekwa katika vipindi hivyo. Pwagu na Pwaguzi walijicheka wenyewe. Mbotela alicheka tabia bila kutaja jina la mtu. Nasisitiza hilo kwa sababu ya kilichofuata kaskazini mwetu.

Julai 1993 redio mpya ilianza kusikika Kigali, Rwanda, RTLM. Wengi wanapoitaja leo hukumbuka maneno ya kuua, na kweli yalikuwapo. Lakini wakimbizi waliofika bondeni mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, walitueleza jambo lililonikaa moyoni zaidi: ilikuwa redio ya kuchekesha. Redio ya taifa ilisoma taarifa kwa sauti kavu. RTLM ilipiga muziki mzuri, watangazaji wakaongea kama walevi wachangamfu, wakapokea watu wa mtaani, wakataniana. Mtangazaji Kantano Habimana alipendwa kwa mzaha wake. Watu walifungua redio ili wacheke, na kicheko kikawazoesha kusikia majirani zao wakitajwa kwa jina, wakidhihakiwa, hatimaye wakiwindwa. Aliyetaniwa hakuwa na nafasi ya kujibu. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa redio hiyo. Nikisikia mtu akisema kichekesho ni kichekesho tu, namwambia avuke mpaka akaulize.

Kambi za wakimbizi zilitandazwa kati ya Luvungi na Uvira, na moja ilikuwa hapa hapa Lubarika, Wanyarwanda na Warundi pamoja. Nilikuwa nimeshaanza ufundi, na redio zilizopita mkononi mwangu miaka ile sijaziona tena kwa wingi huo: watu walikimbia bila masufuria lakini na redio. Kutoka Bukavu ilitangaza Radio Agatashya, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya kanda hii iliyojaa waliopoteana. Haikuwa ya vichekesho. Ilisoma majina ya wanaotafutana na kueleza mambo bila kupandisha sauti, na baada ya RTLM upole huo ulikuwa mgeni masikioni. Oktoba 1996 vita vilishuka bondeni, kambi zikavunjwa, watu wengi wakauawa, wakimbizi na wenyeji, na Agatashya ikanyamaza.

Jibu jingine kwa RTLM lilitoka ng'ambo ya Ruzizi, Burundi. Bujumbura kulikuwa na Studio Ijambo, iliyofunguliwa mwaka 1995, Wahutu na Watutsi wakifanya kazi meza moja wakati nje wanauana. Mwaka 1997 ilianza kutengeneza mchezo wa redio wa Marie-Louise Sibazuri, Umubanyi niwe muryango, juu ya familia jirani za makabila mawili. Ulikuwa kwa Kirundi, lakini Kifuliiru na Kirundi ni ndugu wa karibu, na tulioishi mkabala na Cibitoke tuliufuata vizuri. Ndani yake mlikuwa na ugomvi, mbuzi, ndoa, wivu, na kicheko kingi. Kila aliyechekwa leo alipata zamu ya kucheka kesho. Mafundi wa redio tulijua siku zake kwa sababu wateja waliapa kwamba chombo lazima kipone kabla ya jioni.

Baada ya hapo redio zikawa nyingi na nitapita haraka. Bukavu ilikuwa na Radio Maendeleo tangu 1993. Waasi wa RCD waliifunga mwaka 1999 na ikafufuka. Vilabu vyake vya wasikilizaji vilirekodi mazungumzo ya vijijini kwenye kaseti na kuyapeleka studio. Wanawake wa AFEM, chama kilichoundwa mwaka 2003, Chouchou Namegabe akiwa miongoni mwao, waliwapa kina mama kipaza sauti ili waseme yaliyowapata vitani. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa na lugha zetu nne. Na kusema hewani kulikuwa na bei: Serge Maheshe wa Okapi aliuawa kwa risasi Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo mwaka uliofuata.

Kisha ukaja mwaka 2015, na hapo kazi yangu ikageuka. Mei 13 kulikuwa na jaribio la mapinduzi Bujumbura. Usiku huo na siku iliyofuata redio huru zilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance. Vyombo viliteketezwa, waandishi wakakimbia. Huku bondeni, tuliokuwa tukizipata vizuri kuliko redio za Kinshasa, tulifungua masafa tukakuta mvumo mtupu. Kwa muda mfupi vipindi vya RPA vilisikika kutoka Uvira, mpaka wakuu wa Kongo walipoingilia. Lakini waandishi waliokimbia hawakungoja mnara. Walirekodi vipindi, Humura na Inzamba, wakavirusha kwenye intaneti na kwa WhatsApp, simu hadi simu. Mtu mmoja mwenye laini inayoshika mtandao alipokea, mwingine akaja kwangu na kadi yake, na jioni kipindi kilikuwa kimeshafika vijiji ambavyo redio zile hazikuwahi kuvifikia vizuri.

Juni ya mwaka huo huo, huko Los Angeles, Rais Barack Obama aliingia katika gereji ya mchekeshaji Marc Maron, aliyekuwa akirekodi maongezi yake tangu Septemba 2009, akakaa akahojiwa kwa takriban saa moja. Marekani waliona ajabu: rais katika gereji! Vitabu vya historia ya podikasti hupenda siku hiyo. Mimi naziweka tarehe mbili pamoja, ya gereji na ya Bujumbura. Kwao sauti ilitoka redioni ikaingia kwenye faili kwa sababu mtu alitaka uhuru wa kuongea bila meneja. Kwetu iliingia kwenye faili kwa sababu studio ziliungua.

Baada ya kuzoea habari kwenye kadi, watu walidai na starehe. Hapo ndipo mastaa walipofika Lubarika. Kwanza vipande vya Mkasi, kipindi cha EATV alichokiendesha Salama Jabir, wageni wakihojiwa kwa utulivu wa saluni badala ya meza ya taarifa ya habari. Halafu kipindi chake cha mtandaoni, Salama Na, mgeni mmoja, muda mrefu, maswali mafupi. Hiki ndicho ninachompa mtu asiyejua aanzie wapi. Salama anajua kungoja. Anauliza, mgeni anajibu nusu, yeye ananyamaza, na ile nusu nyingine inakuja yenyewe. Wahoji wengi wa siku hizi wanaogopa kimya, wanakiziba kwa kicheko chao wenyewe.

Kutoka Nairobi napakia Iko Nini ya Mwafreeka, aliye msanii na mchekeshaji, kwa hiyo wasanii wenzake hawamwigizii. Kiswahili chake kimechanganyika na Sheng, wazee wetu wanaachwa njiani, lakini vijana wa pikipiki wanaruka nacho. Mic Cheque ni ya vijana wanaokatizana maneno. Ukiwa na vikombe viwili vya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kichwani ni raha, ukiwa na kazi ya kufanya ni kelele. Vile vya kuulizana nani ameachana na nani, hata kama mteja akilipa franga zake kwa furaha, napakia bila kuvisifu. Na kipo kimoja nilichokataa kabisa: waongeaji wanapiga simu kwa mtu asiyejua kwamba anasikika, kisha wanamcheka. Mteja alinung'unika, "Papa, ni mchezo tu." Nilimrudishia pesa.

Kipimo changu hakijabadilika tangu enzi za majiwe: aliyechekwa yupo, na ana nafasi ya kujibu? Kwa Salama yupo, kwa Mwafreeka yupo, kwa Maron alikuwapo. Kwa RTLM hakuwapo.

Lipo jambo linaloniuma kuliko ubora wa vipindi vya leo. Kanda za RTLM zimehifadhiwa. Zilikuwa ushahidi mahakamani, zikasikilizwa, zikatafsiriwa, na mtafiti anaweza kuzipata. Kicheko chetu kizuri kiko wapi? Kwa Kiswahili cha Kongo najua mfano mmoja uliookolewa vizuri. Lubumbashi kulikuwa na kundi la Mufwankolo, waliochekesha jukwaani, redioni na kwenye televisheni kwa miaka mingi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa nao walipotunga mchezo juu ya madaraka, akarekodi mazoezi, akaandika maneno yao kwa Kiswahili cha Shaba jinsi yalivyotamkwa, na kitabu kikatoka mwaka 1990. Kama mgeni yule asingebeba mashine yake, tungebaki na simulizi za waliowahi kucheka. Hapa Uvira na bondeni hakuna aliyekuja na mashine. Wachekeshaji wa redio za mitaa, wazee walioalikwa kusimulia vituko vya soko la Luvungi, kina mama wa vilabu vya wasikilizaji, juu ya sauti zao zilirekodiwa sauti nyingine, kwa sababu kaseti tupu ilikuwa ghali. Nimeshika kanda za namna hiyo, zilizotumika mpaka utepe ukawa mweupe.

Podikasti za leo zinaonekana salama zaidi kwa kuwa ziko mtandaoni. Si kweli kwa hizi za kwetu. Vipindi vya 2015 vilivyopita mikononi mwangu vilifutwa kwenye simu ili kupata nafasi ya nyimbo, na simu zenyewe zilikufa, nyingine zilizama, nyingine ziliporwa kila vita vilipopita njia ya Kamanyola.

Basi neno langu ni kwa wenye kanda. Kama ulifanya kazi katika redio ya Bukavu, Uvira au Bujumbura, au baba yako alifanya, na kuna kasha la kaseti chini ya kitanda, usiliuze kwa wanaonunua plastiki na usiruhusu watoto wavute utepe. Mtafute kijana mwenye kompyuta, mzihamishe, mwandike juu ya kila moja nani anaongea, wapi na mwaka gani. Mkikosa kinasa cha kuzichezea, mimi ninacho kimoja kinachofanya kazi, hapa Lubarika, na kwa kazi hiyo silipishi.