Kibarua si tusi

Wiki hii nina mikataba miwili kwenye simu na usingizi sina. Wa kwanza ni wa kampuni moja ya kule kisiwani: miezi 6, elfu 45 kila mwezi, niwaharirie video zao zote. Wa pili ni wa watu walio ng'ambo: shilingi 3,500 kwa kila video, na hakuna ahadi ya idadi. Mwezi mzuri zinaweza kuwa 15. Mwezi mbaya, 3.

Mamangu hakuhitaji hata dakika. "Chukua ya mwezi. Hiyo nyingine ni kibarua tu."

Ni lile "tu" lililoniuma. Mimi tangu nimalize chuo ni kibarua. Hapa Mikindani nusu ya mtaa ni vibarua: wa mjengo, wa godauni, wa EPZ, wa kupakua kontena. Tunajiita frilansa kwa sababu tuna laptopu, basi.

Mnanijua, nikikwama huwa nakimbilia historia. Safari hii nilianza na neno lenyewe. Kibarua ni barua ndogo. Kamusi za zamani, ya Madan ya 1903 na ya Johnson ya 1939, zinaeleza kwamba mtu wa kazi ya kutwa alipewa kikaratasi, akakirudisha akilipwa. Polepole jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Yaani mkataba ndio ulioitwa kibarua, halafu mtu akageuka kuwa mkataba wake. Hebu fikiria mtu anakuita Invoisi.

Wengi wa hao wa mwanzo walikuwa watumwa. Karne ya 19, Unguja na hapa Mombasa, mwenye mtumwa angemwachia aende mjini akajitafutie kazi ya kutwa, kubeba mizigo ama kusafisha bidhaa za kusafirishwa, kisha sehemu ya ujira, mara nyingi nusu, iende kwa bwana. (Ukiona ile programu inayokata asilimia yake kabla pesa haijakufikia, usinung'unike sana. Wenzako walianza zamani, na wao hawakuwa na kitufe cha kufuta akaunti.)

Halafu kuna wapagazi, na hapa ndipo nilipokaa sana. Miaka ya 1870 na 1880 misafara ya kwenda bara iliajiri watu wengi Unguja na pwani hii yote. Kulikuwa na wafanyabiashara wa pembe, wamisheni, wavumbuzi wa Kizungu, baadaye kampuni ya Waingereza. Wote walitaka mabega yaleyale. Kwa misafara ya Wazungu dola 5 kwa mwezi ilikuwa bei ya kawaida, na mpagazi alidai mishahara ya miezi kadhaa mkononi kabla ya kuinua mzigo. Dipoziti, mtu wangu! Miaka 150 iliyopita, mtu asiyejua kusoma hatoki bila dipoziti, na mimi mwaka jana nilimfanyia mtu video 4 kwa ahadi ya "tutamalizana mwisho wa mwezi", hadi leo hatujamalizana.

Na walipoona mkataba umevunjwa, chakula kimepunguzwa au njia imebadilishwa, wengine walitua mzigo usiku wakapotea. Vitabu vya akina Stanley vimejaa malalamiko kuhusu watoro. Lakini soma orodha ile ya watoro ukiwa wewe ndiye mwenye mzigo kichwani, utaiona ni kitu kingine kabisa. Ni watu waliokataa ofa ikiwa imeshaanza kutekelezwa.

Waingereza walipoanza kujenga reli hapa Mombasa mwaka 1896, tatizo lao lilikuwa hilohilo. Watu wa pwani wa kukubali kukaa miaka kwenye kambi kwa mshahara uliotolewa hawakutosha. Basi wakaleta karibu watu 32,000 kutoka India kwa mikataba ya miaka 3. Karibu 2,500 walikufa. Reli ikapita hapo Changamwe, dakika chache kutoka kwetu, na kila nikisikia treni ya mizigo nakumbuka kwamba iliwekwa na watu waliotia sahihi wakiwa ng'ambo ya bahari, mahali ambapo kuacha kazi na kurudi nyumbani si jambo la kuamka asubuhi ukaondoka.

Utumwa ulifutwa kisheria hapa pwani mwaka 1907. Lakini mwaka mmoja kabla, 1906, ilikuwa imeshapitishwa sheria ya mabwana na watumishi, ambayo chini yake kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha likawa kosa la jinai. Hatuzungumzii faini kwa bosi. Jela. Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi atembee na karatasi ndani ya kikopo cha bati, wengi wakikining'iniza shingoni. Ndani yake mwajiri aliandika lini umeanza kazi na lini amekuachilia. Kama hajaandika kwamba amekuachilia, mwajiri mwingine hawezi kukuchukua. Fikiria wasifu wako wa mtandaoni, lakini bosi wako wa zamani ndiye mwenye paswadi, na polisi wanaweza kukuuliza wakati wowote uko wapi.

Sasa twende bandarini, manake huko ndiko familia yangu inapoingia.

Baba yake babu alikuwa mtu wa Rabai, mwenye minazi yake. Kilindini alikuja kama kibarua wa siku. Babu hadi leo akisimulia hucheka: mzee anaamka, anauliza meli gani imefunga na imebeba nini. Kama ni mzigo unaochoma ngozi, anarudi zake kwenye minazi. Pesa ya kodi ya serikali ikishapatikana, hamwoni tena mpaka ajisikie. Na hakuwa peke yake. Wadigo walivuka kutoka Likoni, Wamijikenda wengine walitoka mashambani, wakafanya siku walizotaka. Ujira wa siku bandarini ulikuwa mzuri ukilinganisha na kazi nyingine za mjini, kiasi kwamba siku chache za nguvu zilikaribia mshahara wa mwezi wa mtu mwingine. Maofisa wa serikali waliita hiyo tabia uvivu. Mimi nikiipigia hesabu naona mtu mwenye ofa mbili, shamba na meli, na kila asubuhi anazilinganisha.

Hicho ndicho kilichowakera. Mwenye meli hakukosa watu wa kufanya kazi. Alichokosa ni uhakika kwamba wale wale watakuja kesho. Na vibarua walipogoma walikuwa wagumu kutishwa, kwa sababu utamfukuza vipi mtu ambaye hukumwajiri zaidi ya leo? Agosti 1939 waligoma bandarini, ikabidi serikali iunde tume kuchunguza. Januari 1947 ndiyo ikawa kubwa: kuanzia tarehe 13, kwa karibu wiki 2, Mombasa ilisimama. Karibu watu 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahotelini, hadi watumishi wa majumbani. Wa siku na wa mwezi pamoja. Kukazaliwa chama, African Workers' Federation, chini ya Chege Kibachia, kijana aliyesema mshahara ulingane na kazi. Agosti mwaka huohuo alikamatwa, akapelekwa kuishi chini ya ulinzi Baringo kwa miaka karibu 10.

Baada ya hapo serikali ilitumia mikono miwili. Mkono mmoja fimbo: mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya watu "wasio na kazi kwa hiari yao", ya kuwaondoa mijini wale walioonekana hawana mwajiri. Mkono wa pili ndio ninaoona ulifanya kazi kweli. Miaka ya 1950 vibarua wa bandari waliandikishwa, wakatakiwa kufika idadi fulani ya zamu kila mwezi, asiyefika anafutwa. Wakati huohuo mishahara ikapanda, na hatimaye wakafanywa wafanyakazi wa mwezi. Hawakulazimishwa kwa bakora. Walinunuliwa, na kwa bei nzuri.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba baba yake babu alikuwa shujaa wa uhuru na babu akauzwa. Haiwi hivyo. Babu aliingia bandarini mwaka 1961 kama mtu wa mwezi. Kiwanja cha nyumba hii ninamoandikia, mabati yake, karo ya mamangu, vyote vimetoka kwenye ule mshahara. Baba yake alikuwa na uhuru wa kurudi kwenye minazi, na alipovunjika mguu kwenye meli alirudi kwenye minazi kweli, bila senti. Babu naye alipougua kifua mwaka fulani, mshahara uliendelea kuja. Ndiyo maana mamangu akisema "kibarua tu" hasemi kwa kiburi. Anasema kama mtoto aliyekula kwa mshahara.

Kwa hivyo nilirudi kwenye ile mikataba yangu na swali tofauti. Mwanzo nilikuwa nalinganisha elfu 45 na elfu 52 za mwezi mzuri. Sasa nikatafuta sehemu inayosema nikitaka kuondoka itakuwaje. Na ipo, ukurasa wa 4, kwa maandishi madogo. Nisifanye kazi ya mteja mwingine yeyote kwa miezi 6. Nikiacha kabla, nirudishe malipo ya miezi 2 ya mwisho. Wao wakitaka kuniacha, notisi ya siku 3. Kipande tu, bila bati.

Na angalieni ujanja mwingine. Mkataba uleule unasema mimi si mwajiriwa, ni mkandarasi wa kujitegemea, kwa hivyo hakuna likizo, hakuna NSSF, nikiugua ni shauri yangu, na wanakata asilimia 5 ya kodi. Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inamlinda kibarua: ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi, unahesabiwa kama mtu wa mwezi. Lakini inamlinda mwajiriwa. Ukishatia sahihi kwamba wewe ni mkandarasi, unaanza kwa kubishana wewe ni nani. Babu aliacha uhuru wake akapewa kitu. Mimi naombwa niuache nipewe elfu 45 na siku 3.

Kuna watakaosema nachukulia mambo kwa uzito, kwamba hakuna anayekwenda jela siku hizi kwa kuacha kazi ya video. Kweli. Lakini kijana ambaye kodi ya nyumba inadaiwa tarehe 5 hahitaji kutishwa na jela, kurudisha elfu 90 inatosha. Na upande wa pili msiniambie wale wa ng'ambo ndio uhuru. Baba yake babu aliweza kukataa meli kwa sababu alikuwa na minazi. Mimi minazi yangu ni ipi? Akiba niliyonayo ni ya wiki 3. Nikienda na video za 3,500 bila kitu pembeni, nitakubali kila kitakacholetwa, hata ile ya kuhaririwa usiku kucha, na hapo sijui nitakuwa nimechagua nini.

Jumatatu niliwaandikia wale wa kisiwani. Niliomba mambo 3: niruhusiwe wateja wengine wasioshindana nao, notisi iwe wiki 2 kwa pande zote, na ile ya kurudisha pesa ifutwe. Walinyamaza siku 2, nikaanza kujilaumu. Jana wakapiga simu. Wateja wengine, sawa, ila malipo yashuke hadi elfu 36. Notisi ya wiki 2, sawa. Ya kurudisha pesa walibishana kidogo, kisha wakaitoa.

Nimekubali. Wale wa ng'ambo nimewaambia nitawachukulia video 2 kwa wiki, si zaidi, na nusu ya pesa ije kabla sijafungua faili. Mamangu anasema nimetupa elfu 9 kila mwezi kwa ukaidi. Babu aliuliza tu karatasi inasema niende nao hadi lini, nikamwonyesha tarehe, akavaa miwani akaisoma mara mbili.