Kipimo cha Shule za Wageni Katika Afrika ya Mashariki

Shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wageni wa kazi ina jambo moja la kushangaza: imesimama katika nchi moja, na uso wake umeelekea nchi nyingine. Baba huletwa na serikali, misioni au kampuni. Hukaa miaka mitatu au minne, kisha huhamishwa. Mtoto wake hana budi kupata elimu ambayo haitakatika njiani. Haja hii ni ya haki, wala hakuna wa kuilaumu. Lililo gumu ni kujua shule ipi yaitimiza haja hiyo kwa kweli, na ipi yauza jina tu. Historia ya Afrika ya Mashariki ina mifano ya kutosha ya kulitolea jambo hili hukumu.

Kipimo cha kwanza kilichotumika kilikuwa kufanana na Uingereza. Mwaka 1931 ilifunguliwa Prince of Wales School huko Nairobi kwa wavulana wa Kizungu, na mwaka 1934 shule ya Wazungu ikafunguliwa Arusha. Shule ya namna hii ilisifiwa kwa kadiri ilivyofuata desturi za shule za bweni za Uingereza: mabweni yenye majina, viranja wenye amri, ibada, na michezo ya kila alasiri. Siku hizo serikali iliwatenga watoto kwa rangi, Wazungu mbali, Waasia mbali, Waafrika mbali, na fedha zikagawanywa vivyo hivyo. Mzazi aliyetazama majengo na viwanja aliona shule njema. Hakuonyeshwa gharama ya wema huo, wala waliokuwa wakinyimwa ili upatikane.

Kipimo hicho kilipingwa na kitu ambacho Waingereza wenyewe walikileta, nacho ni mtihani wa Cambridge. Mtihani huo haukuwa mali ya shule za Wazungu peke yake. Vijana wa Kiafrika wa Alliance High School, iliyoanzishwa Kikuyu mwaka 1926, waliufanya pia, na wakafaulu vizuri sana chini ya Carey Francis, aliyekuwa mwalimu mkuu tangu 1940 hata 1962. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba elimu ya Kiingereza haikukaa katika rangi ya mwanafunzi, wala katika uzuri wa bweni, bali katika mwalimu anayejua kazi yake na mwanafunzi anayeitaka.

Mfano wa pili watoka Kongwa, katika nyika ya Ugogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika. Wazungu wengi waliletwa pamoja na jamaa zao, na watoto wao wakafunguliwa shule papo hapo. Mvua hazikutosha, udongo ulikuwa mgumu, na mitambo ikaharibika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Shule iliendelea katika majengo ya wakulima walioondoka, mpaka ilipofungwa mwaka 1958 na kazi yake kuhamishiwa Iringa. Hapa pana fundisho kwa mzazi wa leo. Shule inayotegemea kampuni moja au mradi mmoja hudumu kwa muda wa mradi huo, hata ikiwa walimu wake ni hodari. Yafaa kuuliza ni nani aishikaye shule, na kitu gani kitaishika akiondoka.

Huko Iringa shule mpya ya St. Michael's and St. George's ilianza mwaka 1959, yenye majengo ya fahari. Waliojenga walidhani wanajengea miaka mingi. Lakini Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na tangu mwaka 1962 sheria ikafuta ubaguzi wa rangi shuleni. Baadaye majengo hayo yakawa shule ya Mkwawa, na leo ni chuo kikuu kishiriki. Mawe yalikuwa imara. Makisio ya waliyoyapanga ndiyo yaliyokuwa dhaifu, kwa kuwa waliijenga shule bila kuwahesabu wenye nchi.

Baada ya uhuru haja ya wageni haikwisha, bali ilibadilika sura. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea vilitolewa mwaka 1967. Tanzania ikajitoa katika mitihani ya pamoja ya Afrika ya Mashariki mwaka 1971, na Baraza lake la Mitihani likaundwa mwaka 1973. Kenya nayo iliunda baraza lake mwaka 1980, na mwaka 1985 ikaanza mfumo wa 8-4-4. Kila nchi ilikuwa ikifundisha watoto wake kwa makusudi yake, kama ilivyostahili. Wageni wakajianzishia shule: ya Dar es Salaam mwaka 1963, na ya Moshi mwaka 1969, iliyozaliwa na haja ya wafanyakazi wa hospitali ya KCMC. Mwaka 1988 Uingereza ilitunga sheria ya mtaala wa taifa, na mwaka huo huo mtihani wa IGCSE ukaanza kufanywa na watahiniwa wa nchi za nje. Tangu hapo shule ingeweza kujiita ya mtaala wa Kiingereza hata kama haina Mwingereza mmoja ndani yake.

Basi jina limekuwa rahisi, na kupima kumekuwa kugumu. Ripoti ya wakaguzi yafaa kusomwa, lakini mkaguzi hukaa siku chache. Matokeo ya mtihani yafaa kutazamwa, ila kwanza iulizwe kama wanafunzi wote waliufanya, au ni wale waliochaguliwa tu. Iulizwe walimu hukaa miaka mingapi, maana shule ambayo walimu wake hubadilika kila mwaka humfanya mtoto mgeni mara mbili. Tena iulizwe mtoto atajifunza nini juu ya watu walio nje ya lango: kama Kiswahili ni somo lenye mwalimu na saa zake, au ni maneno machache ya kumsalimu bawabu.

Swali hili la mwisho haliwahusu wageni peke yao. Siku hizi wananchi wengi wenye uwezo huwapeleka watoto wao katika shule hizo hizo. Mtoto wa mgeni asiyeijua nchi aliyokulia amepoteza miaka michache, naye ana kwao pa kurudi. Mtoto wa mwenyeji akitoka huko akiwa na cheti kizuri, na hawezi kuzungumza na bibi yake, hasara yake haitaonekana katika ripoti ya mkaguzi yeyote.