Kauboi Weusi Walioachwa Nje ya Filamu

Bose Ikard alizaliwa mtumwa huko Mississippi katika miaka ya 1840, akafa mwaka 1929 Texas akiwa mtu huru. Baada ya utumwa kukomeshwa aliswaga ng'ombe kwa tajiri Charles Goodnight, naye Goodnight alimwamini hata akamkabidhi fedha zake njiani. Ikard alipofariki, tajiri huyo ndiye aliyemwekea jiwe la kaburi.

Watu wa namna yake walikuwa wengi. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, na wengine wengi walikuwa Wameksiko. Lakini mtazamaji aliyekulia kwenye filamu za kauboi za Hollywood atamkumbuka nani? John Wayne, Gary Cooper, James Stewart. Weupe watupu.

Waliokataa hali hiyo walijitokeza mapema. Bill Pickett, bingwa wa rodeo, alikuwa akiruka kutoka juu ya farasi, anamkamata dume la ng'ombe pembe, kisha anamng'ata mdomo hadi analala chini. Mwaka 1922 alionekana katika filamu iitwayo The Bull-Dogger. Mwaka 1937 mwimbaji Herb Jeffries akavaa kofia pana katika Harlem on the Prairie. Filamu hizo zilitengenezwa kwa fedha kidogo, zikaonyeshwa hasa katika kumbi za watu Weusi, maana sinema nazo zilikuwa na ubaguzi wake.

Wenyeji asilia wa Marekani, wale ambao filamu ziliwaita Wahindi Wekundu, hawakuachwa nje. Wao waliingizwa ili wapigwe risasi. Mwongozaji John Ford alipiga picha Monument Valley, katika ardhi ya Wanavajo, na Wanavajo hao hao akawafanya Waapache katika Stagecoach (1939) na Wakomanche katika The Searchers (1956). Nafasi ya chifu wa Wakomanche, adui mkuu wa hadithi, alipewa Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin. Hata Broken Arrow ya mwaka 1950, iliyowaonyesha Waapache kuwa watu wenye utu na hoja, ilimpa Mzungu Jeff Chandler nafasi ya Cochise. Jay Silverheels, Mmohawk halisi, alicheza Geronimo, nafasi ndogo zaidi.

Na bado ni Ford huyo huyo aliyefungua mlango. Mwaka 1960 alimchagua Woody Strode, mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, acheze katika Sergeant Rutledge. Strode ni sajini wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi, kikosi cha askari Weusi, anayeshtakiwa kwa kumbaka na kumuua msichana Mzungu. Kuna tukio ambalo halisahauliki: Rutledge yuko kizimbani, mwendesha mashtaka anamshinikiza aeleze kwa nini alirudi kuwaokoa wenzake ilhali alikuwa ameshatoroka. Anainuka kitini, sauti inamtetemeka, anasema kikosi kile ndiyo nyumba yake, uhuru wake na heshima yake. Kwa muda huo ukumbi mzima wa mahakama ni wake. Strode mwenyewe alijivunia hasa namna alivyoonyeshwa akivuka mto Pecos juu ya farasi, kwa ushujaa ambao hadi hapo kamera za Hollywood ziliwawekea Weupe.

Hata hivyo, katika orodha ya wachezaji jina lililotangulia lilikuwa la Jeffrey Hunter, aliyecheza wakili wake. Hilo halikuwa haki, kwa sababu filamu ile inasimama juu ya mabega ya Strode.

Kisha mwaka 1972 mwigizaji Mweusi Sidney Poitier aliongoza Buck and the Preacher na kucheza humo pamoja na Harry Belafonte na Ruby Dee. Hadithi yake inawahusu watu waliotoka utumwani wakihamia magharibi, huku wakiwindwa na Wazungu waliotaka kuwarudisha mashambani. Anayetaka kuzijua filamu za kauboi asiishie kwa John Wayne. Na aitafute hiyo, pamoja na Sergeant Rutledge.