Wakati muganga anaandika mboga kwenye ordonansi

Mgonjwa wa sukari ao wa tansio anatoka kwa muganga na mashauri mawili: meza dawa, tena kula mboga na matunda. Dawa iko kwenye karatasi. Mboga haiko, na feza ya kuinunua haiko mfukoni. Huko Marekani, vituo vingi vya afya vinaandika mboga na matunda kwenye ordonansi, na kuna mwenye kulipa. Mpango huo unatembea namna gani? Na unasaidia kweli?

Wazo si la jana

Katika miaka ya 1960, muganga Jack Geiger alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha afya cha Mound Bayou, katika jimbo la Mississippi. Familia nyingi za Wamarekani weusi zilikuwa zinalala njaa, maana mashine zilikuwa zimechukua kazi yao katika mashamba ya pamba. Waganga wakaanza kuandika ordonansi za chakula kwa watoto wenye utapiamlo. Familia zilipeleka karatasi dukani, na duka likatuma fakture kwenye kituo. Ililipwa na feza ya farmasi. Wakubwa wa serikali wakauliza: juu ya nini feza ya dawa inanunua chakula? Geiger aliwajibu kama dawa ya utapiamlo ni chakula.

Somo hilo lilitoka Afrika. Mwaka wa 1957, akiwa bado mwanafunzi, Geiger alijifunza kazi Afrika Kusini, kwenye kituo cha Pholela kilichoanzishwa na Sidney na Emily Kark mwaka wa 1940. Pale, bustani za mboga zilikuwa sehemu ya kazi ya afya.

Unatembea namna gani leo

Kwanza, mgonjwa anaulizwa maswali mawili: katika miezi 12 iliyopita, je, uliogopa kama chakula kitaisha mbele ya kupata feza ingine? Na je, kiliisha kweli? Kama anajibu ndiyo, na ana sukari, tansio ao uzito wa kupita kiasi, anaweza kupewa boni ao karte yenye feza kila mwezi. Feza hiyo inanunua mboga na matunda tu, dukani ao kwenye soko la wakulima. Kisha muuzaji analipwa. Mgonjwa anafundishwa pia namna ya kupika, na anarudi kupimwa.

Shirika la Wholesome Wave, lililoanza mwaka wa 2007, lilisaidia kueneza mipango hiyo. Sheria ya kilimo ya mwaka wa 2018 iliiwekea feza ya serikali.

Njaa na dawa ya sukari

Mtu anayetumia insulini ao vidonge fulani bila kula anaweza kushukiwa na sukari mpaka kuzimia. Huko California, uchunguzi wa miaka ya 2000 mpaka 2008 ulionyesha kama, kwa watu wa mapato madogo, kulazwa hospitali juu ya sukari kushuka kulikuwa juu kwa 27% katika juma la mwisho la mwezi kuliko juma la kwanza. Kwa wenye mapato makubwa, tofauti hiyo haikuonekana.

Matokeo ni gani

Mwaka wa 2023, uchunguzi mmoja uliangalia mipango 9 katika majimbo 12. Kwa kawaida boni ilikuwa ya karibu dola 63 kwa mwezi. Watu wazima walikula mboga na matunda zaidi, karibu kikombe kimoja kwa siku. Kwa wenye tansio, namba ya juu ilishuka kwa karibu 8. Sukari ilishuka pia, na njaa ikapunguka. Lakini hakukuwa kundi la watu wasiopata boni ili kulinganisha.

Mwaka huo huo, uchunguzi mwingine ulilinganisha. Wagonjwa wa sukari walipewa chakula cha kupika milo 10 kwa juma, pamoja na mashauri ya wafundi wa lishe. Kisha miezi 6, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi karibu mitatu kilishuka kwa alama 1,5. Lakini kwa wale ambao hawakupata chakula hicho, kilishuka pia, kwa alama 1,3. Tofauti ni ndogo sana.

Kwa hiyo ordonansi ya mboga haikamati nafasi ya dawa, na mgonjwa asiache vidonge vyake. Inachoweza kufanya ni kuweka chakula mezani kwa mtu ambaye hakuwa nacho. Hata hiyo inaomba mwenye kulipa: boni ikiisha, mgonjwa anabaki tena na shauri tupu.

Na yale maswali mawili hayaombi mashine wala feza. Kama muganga hayaulizi, mgonjwa anaweza kumwambia mwenyewe: «Dawa ninayo, lakini kuna siku sili.» Neno hilo linaweza kubadilisha namna muganga anapanga dawa.