Ganda la Mbatata

Mpwa wangu aishiye Marekani aliniandikia mwezi uliopita kuniuliza jambo ambalo nilidhani ningelijibu kwa sentensi moja. Alikuwa amepika nyumbani kwake kile chakula ambacho Wamarekani hupenda kukila wakitazama mpira. Mbatata kubwa huokwa na ganda lake, hupasuliwa kati, ikachotwa nyama ya ndani, kisha ganda hurudishwa motoni mpaka likakauka na kulia mdomoni, likajazwa jibini, vipande vya nyama, maziwa mazito ya mgando na majani ya vitunguu. "Mjomba," aliuliza, "kwa Kiswahili hiki kinaitwaje?" Nikamjibu haraka-haraka: maganda ya viazi yaliyojazwa. Akacheka. "Ukisema maganda, Mjomba, mama anafikiria ndoo ya taka."

Kicheko kile kilinikera kwa sababu kilikuwa cha kweli. Katika lugha yetu ganda ni kitu cha kutupwa. Tunalimenya, tunalibambua, tunaliambua, na vitenzi vyote hivyo vinaliondoa. Mama yetu, yaani bibi yake huyo mpwa, alikuwa akiokota maganda tuliyomenya na kuyaangalia unene wake kabla hayajapelekwa kwa mbuzi. Ganda nene lilikuwa kosa la kusemwa mbele ya wageni. Hata hivyo wahenga hawakulidharau ganda moja kwa moja. Walisema: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Historia ya chakula hiki ni historia ya chungu huyo, na inaanzia mbali na pwani yetu.

Kiazi hiki kilianza kulimwa katika milima ya Andes, kwenye nyanda za juu zinazozunguka Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia za leo, yapata miaka elfu nane iliyopita. Wasemaji wa Kikechua hukiita papa. Huko kuna aina zaidi ya 4,000, nyekundu, za zambarau, nyeusi, zilizonyooka kama kidole na zilizojaa vifundo kama ngumi. Moja ya hizo zenye vifundo ina jina ambalo kila mpenzi wa lugha angepaswa kulijua. Tafsiri yake ni "kimlizacho mkamwana." Mama mkwe humpa mchumba wa mwanawe kiazi hicho akimenye, naye hutazama ganda linatoka jembamba au nene. Niliposoma habari hiyo nilimwona marehemu mama yangu ameinama juu ya ungo, kana kwamba wanawake hao wawili, mmoja wa Andes na mmoja wa Tanga, walikuwa wamefundwa na somo mmoja.

Watu hao hao walibuni njia ya kuhifadhi viazi kwa miaka. Huvitandaza chini usiku wa baridi kali vigande, mchana jua likavilegeza, kisha wakavikanyaga kwa miguu kuvikamua maji na kuvitoa ganda. Kazi hiyo hurudiwa siku kadhaa mpaka kibaki kitu chepesi kikavu kiitwacho chuño. Malenga ataona mara moja kilichofichwa hapo: kiazi kuganda ndiko kulikokivua ganda. Ni lugha yetu peke yake inayoweza kulisema hilo kwa silabi chache namna hiyo, ingawa waliolitenda hawakupata kuisikia.

Katika karne ya 16 Wahispania walikichukua kiazi na kukivukisha bahari, na hapo ndipo majina yalipochanganyikana. Walikuwa tayari wamekutana na kiazi kitamu katika visiwa vya Karibi, ambacho wenyeji wa Kitaino walikiita batata. Papa na batata zikagongana, ikazaliwa patata. Wareno walibaki na batata, wakaipeleka Goa na Bombay, na Wamarathi wanalitumia neno hilo mpaka leo. Kwetu likaja kwa bahari hiyo hiyo ya Hindi, likavaa "m" kichwani, likawa mbatata. Muuzaji wa urojo pale Forodhani hakuulizi kama unataka "viazi mviringo" katika bakuli lako.

Ulaya haikukipokea kiazi kwa furaha. Wafaransa walikidhania kuwa chanzo cha ukoma, na ilipofika 1772 ndipo Kitivo cha Tiba cha Paris kilipotamka kwamba kinalika, baada ya juhudi za Parmentier, mtaalamu wa dawa aliyelishwa viazi alipokuwa mfungwa wa vita Prussia. Kilichonivutia mimi ni namna walivyoliita ganda. Kiazi kilichopikwa hakijamenywa, Mwingereza anasema kimevaa koti. Mfaransa anasema kimevaa kanzu ya mashambani. Sisi tunasema tu "na ganda lake." Wenzetu waliliona ganda kuwa vazi, na vazi halitupwi ovyo.

Ila tusiwapambe mno. Waliolila ganda, au waliolipikia ndani, mara nyingi walikuwa wale wasio na kingine. Katika Ireland ya kabla ya 1845 mamilioni ya wakulima waliishi kwa viazi vya kuchemsha, wakivimwaga kapuni katikati ya nyumba na kuvimenya kwa ukucha wa dole gumba uliofugwa mrefu kwa kazi hiyo. Ugonjwa wa ukungu ulipoingia mashambani mwaka huo, viazi vilioza ardhini. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wamepanda meli. Chakula kingine, nafaka na mifugo, kiliendelea kusafirishwa kutoka nchini humo wakati watu wakifa. Kwa hiyo ninapoona kiazi hiki kikiitwa "cha Kiairishi" katika sheria na masoko ya Kenya, nashindwa kulisoma jina hilo kama jina la kawaida tu.

London ya miaka hiyo hiyo ilikuwa na wachuuzi wa viazi vya kuokwa. Henry Mayhew, aliyechapisha uchunguzi wake wa maskini wa mji huo mwaka 1851, aliwaeleza pamoja na makopo yao ya bati yenye moto chini. Wako waliokinunua kiazi, anasema, ili kupasha mikono tu. Ganda lilikuwa sahani, karatasi ya kufungia na glavu kwa wakati mmoja. Karibu miaka tisini baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilitumia ushairi kabisa kulitetea ganda: ubeti mfupi wa mistari minne uliowaomba raia wapike viazi bila kuvimenya, kwani maganda yaliyotupwa yangemuumiza moyo Lord Woolton, waziri wa chakula. Sijui wizara ya kwetu iliyowahi kumwomba malenga ubeti kuhusu maganda.

Tuvuke sasa kwenda Marekani. Mwaka 1908 Hazen Titus alikabidhiwa usimamizi wa mabehewa ya chakula ya reli ya Northern Pacific. Alisikia kwamba wakulima wa bonde la Yakima, jimbo la Washington, wanawalisha nguruwe viazi vyao kwa sababu ni vikubwa mno na ganda lake ni gumu, hakuna mnunuzi. Akavijaribu, akagundua kwamba vikiokwa polepole huiva vizuri kupita vidogo. Kuanzia 1909 abiria wakawa wanaletewa kiazi kimoja chenye uzito wa karibu kilo nzima, na siagi juu yake. Reli hiyo ikajitangaza kwa kiazi kama wengine wanavyojitangaza kwa mandhari. Chakula cha nguruwe kikapanda treni.

Baada ya vita viwanda vya Idaho vilianza kukata chipsi na kuzigandisha kwa wingi, na mlima wa maganda uliobaki ukawa lishe ya ng'ombe. Katika miaka ya 1970 ndipo ganda lililojazwa lilipoenea katika mikahawa na baa za Marekani, na mikahawa zaidi ya mmoja hudai kuwa ndiyo iliyoanza. Hilo halinishangazi. Makombo yakipata sifa, kila jiko hujitokeza kuwa mama mzazi.

Upande wetu, kiazi kilipanda milimani pamoja na walowezi na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20: nyanda za juu za Kenya, Usambara, Njombe, Mbeya. Kikapewa jina la waliokileta, kiazi ulaya. Warundi wakasema ibiraya, Wanyarwanda ibirayi, na ukiweka kando ya maneno hayo Uburaya na Uburayi, majina yao ya bara hilo, huhitaji mwalimu wa kukueleza. Hivyo mmea wa Andes umeandikishwa kwetu kwa cheti cha kuzaliwa cha uongo. (Nikiwa huko kwa jirani niongeze: kumenya kwa Kinyarwanda ni kujua. Sidai ni neno moja na letu. Nafurahi tu kwamba mshairi wa Kigali na mpishi wa Pangani wanatamka sauti ile ile, mmoja akifikia jambo na mwingine akilivua ganda.)

Mimi nashikilia mbatata, na si kwa mapenzi ya mama yangu pekee. Hesabuni mizani. "Kiazi cha mviringo" inakula mizani minane, kipande kizima, wala haikuachii nafasi ya kitenzi. "Kiazi ulaya" ni sita na uongo ndani yake. "Mbatata" ni mitatu tu, na kina chake cha "ta" kina ndugu wengi: kupata, kufuata, kukokota, nyota. Nimeona tungo za vijana ambamo chakula hiki kimeitwa kwa jina la vitabu vya kilimo, na kipande chote kikavimba tumbo. Usanifu wa lugha haututaki tuliache neno la pwani lililokuwa likifanya kazi yake vizuri.

Lililobaki ni lile neno la Kiingereza la mpwa wangu lenye maana ya kupakiwa, kubebeshwa. Nilifikiri kwanza "shehena," neno zuri la jahazi. Kisha likanijia "lumbesa," na kwa dakika kadhaa nikajiona mjanja: mbatata lumbesa! Nani asiyelijua gunia lile lililoshonewa kilemba cha kamba, viazi vikamwagika juu ya mdomo wake? Lakini neno lina wenyewe. Mkulima wa Njombe analipwa bei ya gunia moja na kutoa gunia moja na nusu. Kenya imetunga kanuni mwaka 2019 kwamba mfuko wa viazi usizidi kilo 50, na Tanzania inaipiga vita lumbesa mwaka hadi mwaka, huku magari yakiendelea kushuka milimani yamejaa vilemba. Sikuweza kulichukua jina la dhuluma hiyo nikalipa kitafunio cha kutazamia mpira. Nikalifuta.

Ili nisiwe mwenye kutoa majina ya vitu nisivyovionja, nilivipika. Sina tanuri. Nilichagua mbatata kubwa zisizo na rangi ya kijani, kwa kuwa ganda likiwa kijani huwa na sumu na hapo taka ni taka. Nikazisugua kwa maji, nikazipaka mafuta na chumvi, nikazitia katika sufuria nzito na kupalia makaa juu ya kifuniko kama unavyopalia mkate wa kumimina. Saa moja na kitu. Nikazipasua, nikachota ndani nikiacha unene wa kidole cha mtoto, nikapaka siagi na kuzirudisha motoni kwa robo saa. Nyama ya ndani nikaifanya kachori. Maganda nikayajaza nyama ya kusaga yenye bizari, jibini kidogo, mtindi mzito na pilipili ya kusaga. Mbili ziliungua chini. Tuliokuwepo tulizila hizo kwanza.

Jina likaja lenyewe mkono ukiwa na mafuta, kwa kuwa jikoni mwetu vyakula huitwa kwa kazi iliyofanyika: mkate wa kumimina, samaki wa kupaka. Nikamwandikia mpwa wangu: mbatata za kujaza. Ganda halikutajwa, nilijua, lakini ndilo linalojazwa, na mama yako hatawaza ndoo. Jibu lake lilikuja usiku, kwao ikiwa mchana. Alikuwa amemsomea mama yake kwenye simu, naye ameuliza kama yule mjomba wako aliyamenya maganda membamba au manene.