Wakfu, Mchango na Harambee: Sadaka Zilizojenga Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Vyuo vikuu kadhaa vya Afrika Mashariki vinavyoitwa leo vyuo vya serikali vilianza kwa mali ya watu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kimesimama juu ya fedha za watoaji na mali iliyotolewa na sheikh mmoja wa mji huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea fedha zilizochangwa kwa kumbukumbu ya Mahatma Gandhi. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilitokana na michango ya watu wa Nyeri, wakiwemo wakulima wake wa kahawa. Nyuma ya vyote hivyo iko mila ya kale zaidi, ya mwambao wenyewe: mila ya wakfu.

Kuweka wakfu ni kuitoa mali mikononi mwa mtu na kuifunga milele kwa ajili ya kheri. Mali hiyo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi; kinacholiwa ni pato lake tu. Mwenye shamba la minazi akiliweka wakfu kwa chuo, shamba linabaki, na nazi za kila msimu ndizo zinazomlipa mwalimu na kumlisha mwanafunzi. Wakfu husimamiwa na mutawali, naye hufuata masharti aliyoyataja mweka wakfu. Waislamu huihesabu kuwa sadaka jaria, yaani sadaka ambayo thawabu zake haziishi hata mtoaji akiwa kaburini. Wakfu ni tofauti na wasia. Wasia huanza kazi mtu akishafariki, na kwa sheria ya Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali. Theluthi mbili ni haki ya warithi. Wakfu huweza kuwekwa mtu akiwa hai na akayaona matunda yake kwa macho yake.

Elimu ya juu katika ulimwengu wa Kiislamu ilikua juu ya msingi huo. Msikiti wa Al-Qarawiyyin mjini Fas, Morocco, uliokuja kuwa chuo kikuu, kwa mapokeo ulijengwa mwaka 859 na Fatima al-Fihri kwa mali aliyorithi kwa baba yake. Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza karne ya 10, iliishi karne kwa karne kwa pato la wakfu. Hata chuo kikuu cha kisasa cha Misri, kilichofunguliwa mwaka 1908 na sasa kinaitwa Chuo Kikuu cha Cairo, kilisaidiwa na mwanamke: Fatma Ismail, binti wa Khedive Ismail, alikitolea ardhi ya kujengea, mashamba ya wakfu ya ekari mamia kadhaa na vito vyake vya thamani.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, mila hiyo ilihudumia misikiti, visima, makaburi na vyuo vya Kurani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, maduka, mashamba ya mikarafuu na ya minazi viliwekwa wakfu na masultani, wafanyabiashara na wanawake wenye mali. Lamu, Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh ulikuwa mwanzoni mwa karne ya 20 kituo cha elimu kilichowavuta wanafunzi kutoka mbali, nao uliendeshwa kwa sadaka na wakfu. Mwanafunzi hakudaiwa ada. Gharama zake zilikuwa zimekwisha kulipwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.

Ukoloni ulipoingia, wakfu ziliwekwa chini ya makamishna. Kenya ilipata sheria yake mwaka 1900, na Zanzibar ikaunda kamisheni yake mwaka 1905. Hatua hiyo ilileta daftari na hesabu, lakini pia ilihamisha usimamizi kutoka kwa familia na mitaa hadi ofisini. Baadaye kodi za nyumba nyingi za wakfu zilibaki ndogo mno hata zikashindwa kugharimia matengenezo, na baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe zikaporomoka. Hapo ndipo lilipoonekana somo la kwanza: wakfu hudumu kadiri pato lake linavyotunzwa. Mali iliyofungwa milele nayo hufa ikikosa msimamizi mwaminifu.

Chuo cha kwanza kikubwa cha kisasa kilichojengwa kwa sadaka katika mwambao kilizaliwa Mombasa. Kufikia miaka ya 1940, vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wameachwa nyuma katika elimu ya ufundi, kwa kuwa shule nyingi za wakati huo zilikuwa za misheni na wazazi wengi waliziogopa. Mwaka 1945, Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, alianzisha Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilijenga misikiti na shule kwa utaratibu ambao kila kilichochangwa na Waislamu wengine alikijaliza kwa mchango wake. Mwaka 1948 ikaanzishwa Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupisho cha Kiingereza, MIOME.

Orodha ya waliotoa inastahili kusomwa polepole. Aga Khan alitoa pauni 100,000. Serikali ya Uingereza, kupitia mfuko wake wa maendeleo ya makoloni, nayo ilitoa fedha. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa pauni 100,000 nyingine, na jamii ya Mabohora ikatoa 50,000. Sheikh Khamis Mohammed bin Juma naye alitoa mali yake. Ismailia, Ibadhi, Bohora na Sunni, watu wa madhehebu yasiyosali pamoja kila siku, walikutana katika jengo moja la mafunzo. Jengo lenyewe lilisimamishwa Tudor kwa matao na kuba za mtindo wa Kiarabu, na wanafunzi wa kwanza wakapokelewa Mei 1951. Walifundishwa ufundi wa mitambo, umeme, useremala na ubaharia, wakitoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Historia ya chuo hicho inaonyesha pia jinsi sadaka inavyoweza kupita mipaka ya nia yake ya mwanzo. Mwaka 1966, baada ya uhuru, kilibadilishwa jina kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa na kufunguliwa kwa Wakenya wote bila kujali dini. Mwaka 1972 kikawa Politekniki ya Mombasa, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kilichotolewa kwa ajili ya jamii moja kimekuwa mali ya taifa zima, na majengo yale ya matao bado ndiyo uso wa chuo.

Nairobi ilikuwa na kisa kinachofanana. Mahatma Gandhi alipouawa Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki waliamua kumkumbuka kwa kujenga chuo. Fedha zikachangwa kutoka kwa wafanyabiashara wakubwa na wenye maduka madogo katika miji ya eneo zima. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa inajenga Chuo cha Kifalme cha Ufundi, kilichopata hati yake mwaka 1951. Badala ya kusimamisha vyuo viwili katika mji mmoja, Chama cha Akademia ya Kumbukumbu ya Gandhi kilikubali mwaka 1954 kuunganisha fedha zake na chuo hicho, kilichokuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Hilo halikuwa jambo dogo katika Kenya ambayo shule zake zilitengwa kwa rangi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1956, na mwaka huohuo Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India, akazindua jengo la Gandhi na sanamu yake. Chuo hicho ndicho kilichokuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Dar es Salaam ilipata chuo chake kikuu kwa mkono wa chama cha siasa. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Serikali mpya haikuwa na majengo ya chuo, hivyo chama kilitoa la kwake. Mwaka huohuo Chuo cha Kivukoni, cha kuwafundisha watu wazima na viongozi, kilifunguliwa ng'ambo ya bandari kwa michango iliyokusanywa na wanachama kupitia Mfuko wa Elimu wa Tanganyika. Chuo Kikuu kilihamia Mlimani mwaka 1964, na tangu hapo mzigo wake mkubwa ukawa juu ya serikali na wahisani wa nje.

Kenya bara nayo ilikuwa na mila yake ya kuchanga. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alifungua Chuo cha Walimu cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya Wakikuyu waliochanga kwa marika, kila rika likitaka lisizidiwe na jingine. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952 ilipotangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta, aliyewahi kukiongoza chuo hicho, aliifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963. Neno lenyewe ni mwito wa vibarua wanaovuta mzigo mzito kwa pamoja.

Wito huo ulifika elimu ya juu mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale wilaya na mikoa iliposhindana kuanzisha taasisi za teknolojia. Nyeri ilianzisha Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi mwaka 1972, na mchango wa wakulima wa kahawa ukatoka katika malipo ya mavuno yao. Mkoa wa Magharibi ulianzisha chuo chake Kakamega mwaka huohuo, kikajulikana kwa jina la WECO. Walimu, wafanyakazi, makanisa, vyama vya ushirika na akina mama wa sokoni walitoa walichonacho, wengine fedha, wengine kuku au mbuzi aliyenadiwa papo hapo. WECO imekuwa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na Kimathi ilipata hati ya chuo kikuu Desemba 2012. Mkulima aliyekatwa shilingi chache za kahawa mwaka 1972 hakuwa na njia ya kujua kwamba anajenga chuo kikuu, lakini ndicho alichokijenga.

Harambee ilikuwa na kasoro zake. Baadhi ya michango ililazimishwa na machifu, mwananchi akinyimwa huduma mpaka aonyeshe stakabadhi. Wanasiasa waliigeuza jukwaa la kutafutia kura, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikaja kuwazuia maafisa kuchangisha kwa kutumia vyeo vyao. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya kimsingi. Harambee ilijua kujenga, haikujua kutunza. Ilijaza kapu siku moja, ikasimamisha kuta na mabati, kisha watu wakatawanyika. Mshahara wa mwalimu, vitabu, vifaa vya maabara na ada ya yatima vikaachwa kwa serikali. Wakfu ilifanya kinyume: haikuwa na ngoma wala mnada, ila kila mwaka ililipa.

Tangu miaka ya 1980 watoaji wapya wameingia. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 kwa msaada wa jumuiya ya nchi za Kiislamu. Zanzibar, chuo cha elimu cha Chukwani kilichoanzishwa mwaka 1998 na shirika la hisani la Kuwait sasa kina jina la daktari Abdulrahman Al-Sumait, aliyeliongoza shirika hilo. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo ya kilichokuwa chuo cha shirika la umeme la TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Benjamin Mkapa. Nairobi, jina la ukoo wa Chandaria, wenye viwanda, limewekwa kwenye shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha USIU. Tanzania ilitunga Sheria ya Mfuko wa Elimu mwaka 2001, ikaunda Mamlaka ya Elimu Tanzania, nayo humpa mchangiaji wa elimu hati ya shukrani inayomwezesha kupata nafuu ya kodi. Kenya nayo ilipata Sheria mpya ya Wakfu mwaka 2022.

Njia za kutoa kwa hiyo zipo. Mtu anaweza kutoa fedha taslimu leo. Anaweza kuweka wakfu nyumba, shamba au hisa, chuo kikatumia pato na kuacha shina. Anaweza kuandika wasia na kukitaja chuo pamoja na warithi wake, kwa kipimo kinachoruhusiwa na sheria inayomhusu. Kila njia inahitaji maandishi yenye mashahidi, kusudi lililotajwa waziwazi, na wadhamini wanaotoa hesabu hadharani kila mwaka. Wakfu zilizopotea Afrika Mashariki hazikupotea kwa kukosa watoaji. Zilipotea kwa kukosa maandishi na wasimamizi.

Hukumu ya historia hii iko wazi. Watu wa Afrika Mashariki wamethibitisha, kwa pauni za wakuu na kwa kahawa ya wakulima, kwamba wanaweza kujenga vyuo vikuu. Kazi iliyobaki ni kuvitunza, na chombo cha kazi hiyo hakihitaji kutafutwa ng'ambo, kwa kuwa wazee wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walikuwa nacho zamani. Mhitimu aliyesomeshwa kwa sadaka ya watu asiowajua anadaiwa. Deni hilo halilipwi kwa waliotoa, maana wengi wao wamekwisha kuondoka. Hulipwa kwa wanafunzi watakaokuja.